Mgonjwa wa Saratani na Kazi Yake: Namna ya Kupanga Kazi Wakati wa Matibabu

Utangulizi

Mgonjwa anapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana saratani, huuliza kama atapona, kisha huuliza gharama. Swali la tatu mara nyingi hubaki moyoni: "Na kazi yangu je?" Nyuma ya swali hilo kuna ada za watoto, kodi ya nyumba, marejesho ya kikoba, na nauli ileile itakayomrudisha hospitali kwa ajili ya dozi inayofuata. Mgonjwa aliyepoteza kipato kabla ya dozi ya tatu yumo hatarini kutoifikia dozi ya nne. Kwa sababu hiyo, sisi tunaotibu saratani hatuna budi kulihesabu suala la kazi kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la JAMA, uliojumuisha tafiti 36, ulionyesha kwamba asilimia 33.8 ya watu waliowahi kuugua saratani hawakuwa na kazi, ilhali miongoni mwa watu wenye afya waliolinganishwa nao kiwango hicho kilikuwa asilimia 15.2. Tafiti nyingi kati ya hizo zilifanyika Ulaya na Marekani, kwenye mikataba ya ajira na mifumo imara ya bima. Hapa kwetu, walio wengi hujitafutia riziki shambani, sokoni, baharini na barabarani bila mkataba wowote. Kwao, siku moja bila kazi ni siku moja bila fedha.

Baada ya kusoma makala hii, mhudumu wa afya aweze kuuliza habari za kazi kwa namna inayosaidia tiba, kulinganisha madhara ya dawa na kazi ya mgonjwa, na kuandika cheti cha mapumziko chenye manufaa. Mgonjwa naye aweze kupanga siku zake, kuzijua haki zake, na kutambua ni lini aiweke kazi chini.

Swali la kwanza: kazi yako ni ipi hasa?

Katika mafaili mengi, mstari wa kazi hujazwa kwa neno moja: "mkulima", "mfanyabiashara", "mwajiriwa". Neno hilo halimsaidii daktari. Mfanyabiashara anaweza kuwa mwenye duka anayeketi kivulini, au mchuuzi wa samaki anayeamka saa tisa usiku na kubeba ndoo kichwani. Tazama tofauti inayoletwa na swali moja la ziada:

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Biashara ndogondogo, dokta."

"Naomba unisimulie siku yako, tangu unapoamka hadi unapolala."

"Naamka saa kumi. Nachota maji, nawasha moto, nakaanga maandazi. Saa kumi na mbili nishafika kituoni na beseni langu. Mchana napika wali na maharage, wateja ni wale mafundi wa ujenzi. Jioni naosha vyombo, kisha nakwenda sokoni kununua vitu vya kesho."

Kwa maelezo hayo ya nusu dakika, daktari amejifunza kwamba mgonjwa hukaa karibu na moto kwa saa nyingi, hubeba mizigo, hutoka jasho jingi, na pengine hanywi maji ya kutosha. Kila kimoja kati ya hivyo kina uhusiano na dawa atakazopewa.

Mambo matano yaulizwe kwa kila mgonjwa: nguvu zinazotumika katika kazi, mazingira, yaani joto, jua, vumbi, kinyesi cha wanyama au msongamano wa watu, hatari zilizopo, kama vile mashine, visu, urefu au barabara, ratiba, na kama inaweza kubadilishwa, na mwisho, ni nani anaweza kumshikia kazi asipokuwepo. Swali hili la mwisho lisisahaulike, kwani jibu lake ndilo huonyesha mapema kama mgonjwa ataweza kumaliza tiba.

Tiba hufanya nini mwilini, na lini

Wagonjwa wengi hudhani kwamba matibabu ya saratani humlaza mtu kitandani tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Wengine hudhani kinyume chake, kwamba ukitoka kwenye dripu ukajiona mzima, basi hatari imepita. Dhana zote mbili zina kasoro, kwa sababu madhara ya tiba huja kwa kalenda, na kalenda hiyo inaweza kujulikana kabla.

Chukua mfano wa tibakemikali inayotolewa kila baada ya siku 21. Siku mbili hadi tano za mwanzo ndizo za kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na uchovu mkubwa. Kisha mgonjwa huanza kupata nafuu. Lakini kati ya siku ya 7 na ya 14, chembe nyeupe za damu zinazopigana na vimelea hushuka hadi kiwango cha chini kabisa. Mgonjwa anaweza kujiona ana nguvu, ilhali kinga yake iko chini kuliko wakati wowote mwingine. Katika juma la tatu chembe hizo hupanda tena, na kwa wagonjwa wengi hilo ndilo juma bora zaidi la kufanya kazi. Mgonjwa akiandika kwenye daftari jinsi alivyojisikia kila siku katika mzunguko wa kwanza, atakuwa na ramani ya mizunguko inayofuata, ingawa uchovu huelekea kuongezeka kadiri dozi zinavyoendelea.

Tiba ya mionzi huenda kwa mwendo mwingine. Majuma mawili ya kwanza aghalabu huwa mepesi. Uchovu na madhara ya ngozi au ya sehemu iliyopigwa mionzi hujitokeza baadaye, huzidi kuelekea mwisho wa tiba, na huweza kuendelea kwa majuma kadhaa baada ya mionzi kukamilika. Anayepanga kurudi kwenye kazi nzito siku inayofuata mionzi ya mwisho anajipangia vibaya.

Baada ya upasuaji wa titi ulioambatana na kuondolewa kwa tezi za kwapani, mkono wa upande huo unaweza kuvimba kwa sababu maji ya limfu hayapiti vizuri. Zamani wagonjwa wengi walikatazwa kubeba chochote maisha yao yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba wanawake walioanza kunyanyua uzito mdogo na kuuongeza taratibu, chini ya uangalizi, hawakuongezewa uvimbe wa mkono. Hivyo mkulima asiambiwe kwamba jembe limekwisha kwake. Aambiwe aanze kidogo, aongeze polepole, avae glavu ili asijikate, na arudi kliniki mapema mkono ukianza kuvimba. Haba na haba hujaza kibaba.

Uchovu ndio lalamiko linalowakuta wagonjwa wengi kuliko yote, nao si uvivu. Kabla ya kumwambia mgonjwa azoee, mhudumu achunguze sababu zinazotibika: upungufu wa damu, malaria na maambukizi mengine, maumivu yasiyotulizwa, kukosa usingizi, na sonona. Tafiti nyingi zimethibitisha kwamba mazoezi mepesi ya mara kwa mara, kama vile kutembea, hupunguza uchovu huu kuliko kulala mchana kutwa. Kazi nyepesi inaweza kumsaidia mgonjwa kwa njia hiyohiyo, mradi awe na nafasi ya kupumzika katikati.

Mifano mitatu

Mifano ifuatayo imetungwa kwa ajili ya somo hili na haimhusu mtu yeyote halisi, lakini mambo yaliyomo hukutwa kliniki kila juma.

Mfano wa kwanza: mwalimu wa shule binafsi. Ana umri wa miaka 38 na saratani ya titi. Amepangiwa upasuaji, mizunguko minane ya tibakemikali kila baada ya siku 21, kisha mionzi 15 kwa majuma matatu. Anahofu kwamba akiomba mapumziko ya muda wote wa matibabu atapoteza ajira.

Tupige hesabu. Mizunguko minane ni siku 168. Tukiongeza siku 42 za kupona baada ya upasuaji na siku 21 za mionzi, jumla ni siku 231. Kama itakavyoelezwa hapa chini, sheria ya Tanzania Bara inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa. Akiandikiwa mapumziko ya mfululizo, likizo yake itakwisha akiwa bado hajaianza mionzi.

Sasa tupange upya. Apumzike siku 42 za upasuaji, siku 5 katika kila mzunguko, ambazo ni siku 40 kwa mizunguko minane, na siku 21 za mionzi, kwa kuwa hospitali iko mbali na kwake. Jumla ni siku 103. Zinabaki siku 23 za akiba kwa ajili ya homa au dharura nyingine. Dripu ikipangwa siku ya Alhamisi, sehemu ya siku zake ngumu itaangukia Jumamosi na Jumapili, na akiba itaongezeka.

Katika juma la pili la kila mzunguko, chembe nyeupe zinaposhuka, anaweza kufundisha akiwa karibu na dirisha lililo wazi, kunawa mikono mara kwa mara, na kuwaepuka watoto wenye mafua au kikohozi. Akisikia kwamba mtoto darasani amepata surua au tetekuwanga, apige simu kliniki siku hiyohiyo hata kama yeye hana dalili. Zamu za kusimamia michezo juani apewe mwenzake, naye achukue kusahihisha madaftari.

Mpango kama huu unategemea jinsi mgonjwa anavyoipokea dawa. Asipoweza kufanya kazi, aandikiwe siku zaidi. Hesabu ni ya kumlinda mgonjwa, isigeuzwe kuwa fimbo ya kumchapia.

Mfano wa pili: mama lishe. Ana miaka 45 na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Anatoka mkoani na ametumwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Tiba yake ni mionzi ya nje mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa majuma matano, pamoja na dripu ya sisiplatini mara moja kwa juma, kisha mionzi ya ndani. Katikati ya tiba anataka kurudi nyumbani kwa siku kumi kukusanya madeni na kufungua tena banda lake.

Hapa kazi haina budi kuipisha tiba. Kwa saratani hii, matibabu yote ya mionzi yanapaswa kukamilika ndani ya majuma manane. Tafiti zimeonyesha kwamba kila siku inayozidi muda huo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia 0.5 hadi 1. Siku kumi za kukusanya madeni zinaweza kumgharimu kile ambacho hakuna deni litakaloweza kukilipa. Jambo hili aambiwe waziwazi, kwa upole, kabla ya mionzi ya kwanza, ili apate muda wa kulipanga: banda amkabidhi mdogo wake au binti yake, wadaiwa wajulishwe kwamba wamlipe mtu huyo, na viongozi wa kikoba waombwe kusogeza marejesho yake kwa miezi mitatu. Ni rahisi zaidi kuomba kabla ya kushindwa kulipa kuliko baada ya hapo.

Akirudi kwenye biashara, kuna tahadhari inayotokana na dawa yenyewe. Sisiplatini inaweza kuumiza figo, na hatari huongezeka mwili unapopungukiwa na maji. Mtu anayekaa mbele ya jiko kwa saa nane, huku akiharishwa na mionzi ya nyonga, hupoteza maji kwa njia mbili. Anywe maji hata kabla ya kusikia kiu, akae mbali na moto kadiri awezavyo, na akiona mkojo umepungua au umekuwa wa rangi nzito, aseme. Katika majuma ya mwanzo achague kazi ya kupokea fedha na kupakua, na sufuria kubwa ainjike mwingine.

Mfano wa tatu: dereva wa bodaboda. Ana miaka 29 na limfoma. Anapata dripu yenye vinkristini na doksorubisini kila baada ya siku 21, pamoja na vidonge vya prednisoloni kwa siku tano za mwanzo wa kila mzunguko.

Prednisoloni humpa nguvu na humnyima usingizi. Kwa siku tano anajisikia kama hana ugonjwa, anaendesha hadi usiku. Siku ya sita au ya saba, vidonge vikishakwisha, nguvu huporomoka ghafla. Asiyejua hili atajikuta ameishiwa nguvu akiwa barabarani na abiria mgongoni. Kadiri mizunguko inavyoongezeka, vinkristini inaweza kuleta ganzi kwenye vidole vya mikono na nyayo. Dereva asiyehisi vema breki ya mguu ni hatari kwake na kwa wengine. Tena chembe sahani zikiwa chache, jeraha la kawaida la kuanguka linaweza kutoka damu nyingi.

Ushauri wake ni huu: asiendeshe siku ya dripu, asiendeshe anapoanza mofini au dozi yake inapobadilishwa, na asiendeshe kabisa akiwa na ganzi miguuni mpaka apimwe. Lakini ushauri unaoishia kwenye "usiendeshe" utapuuzwa, kwa sababu pikipiki ndiyo chakula cha nyumbani. Aulizwe: pikipiki ni yako au ya tajiri? Ikiwa ni yake, anaweza kumpa kijana anayemwamini ampelekee hesabu ya kila siku, naye akabaki na kipato pungufu lakini cha uhakika. Ikiwa ni ya tajiri, azungumze naye mapema ili nafasi yake ishikiliwe na mwenzake wa kijiweni. Ganzi ielezwe kwa daktari ikiwa changa, kwani dozi inaweza kurekebishwa kabla madhara hayajawa ya kudumu.

Neno kwa wakulima na wafugaji

Wakati chembe nyeupe ziko chini, mkulima aepuke kusafisha banda la kuku, kushika samadi, na kupepeta nafaka yenye ukungu, kwa sababu vumbi la vitu hivyo hubeba vimelea vinavyoweza kuingia kwenye mapafu. Avae buti na glavu, na mchubuko wowote uoshwe kwa sabuni na maji safi mara moja. Kupulizia dawa za wadudu amwachie mwingine. Ikiwezekana, daktari aangalie kalenda ya kilimo anapopanga tarehe za dozi. Kusogeza dozi kiholela kwa ajili ya mavuno hakukubaliki, ila kujua mapema kwamba mavuno ni mwezi wa saba husaidia familia kutafuta vibarua kabla.

Sheria inasemaje

Kwa mwajiriwa wa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inatoa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Mwajiri halazimiki kulipa ikiwa mfanyakazi hakuleta cheti cha daktari. Ndiyo maana karatasi ile ambayo wengi huiita ED isitupwe wala isicheleweshwe, na mgonjwa abaki na nakala yake. Watumishi wa umma wana kanuni zao za utumishi, na Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2005. Walengwa waulize kwa ofisa utumishi au chama cha wafanyakazi.

Sheria hiyo ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kusitisha ajira, na inakataza ubaguzi kazini, ukiwemo unaotokana na ulemavu. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamwelekeza mwajiri, mfanyakazi anapougua, kutazama ukubwa wa tatizo, muda wake, na uwezekano wa kumbadilishia kazi. Aliyeachishwa kazi isivyo haki anaweza kulalamika katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wa kufungua shauri hilo ni siku 30. Mgonjwa aliyelazwa anaweza kupitwa na siku hizo bila kujua, hivyo ndugu zake walifahamu jambo hili.

Jambo jingine lisilopaswa kuchelewa ni bima. Anayeacha kazi kwa hasira au kwa kukata tamaa anaweza kupoteza bima ya afya iliyokuwa ikilipia dawa zake. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, amwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali na aulize mambo mawili: bima yangu itaishia lini, na je, nina sifa za fao la ulemavu kwenye mfuko wangu wa hifadhi ya jamii?

Kumweleza mwajiri na wenzake

Mgonjwa halazimiki kumtangazia kila mtu ugonjwa wake. Hata hivyo, kumweleza msimamizi mmoja anayeaminika mara nyingi husaidia, kwa sababu asiyejua sababu hufikiri ni uzembe. Si lazima maneno yawe mengi. Mfanyakazi anaweza kusema: "Mzee, ninapata matibabu yatakayochukua miezi sita. Kila baada ya majuma matatu nitakosekana siku chache. Naomba tupange pamoja ili kazi isilale." Anayekwenda na mpango mkononi husikilizwa tofauti na anayekwenda na ombi tupu.

Daktari naye asaidie kwa cheti kinachoeleza uwezo. Kuandika "apumzike" kwa miezi sita, au "anaweza kufanya kazi" bila maelezo, hakumwongozi mwajiri. Mfano wa maneno yanayofaa ni huu:

"Mtajwa hapo juu yuko kwenye matibabu hadi mwezi Novemba. Atahitaji mapumziko ya siku tano kila baada ya siku 21, kwa tarehe zilizoambatishwa. Katika siku nyingine anaweza kufanya kazi ya kuketi, isiyozidi saa sita kwa siku. Asibebe mzigo mzito, na asifanye zamu ya usiku. Hali yake itapimwa upya baada ya miezi mitatu."

Cheti hicho hakikutaja jina la ugonjwa, na halipaswi kutajwa bila ridhaa ya mgonjwa.

Wafanyakazi wenzake nao wana hofu zao. Waelezwe kwamba saratani haiambukizwi kwa kula pamoja, kushikana mikono wala kutumia kiti kimoja. Mtu anayepigwa mionzi ya nje hatoki na mionzi mwilini. Dawa za tibakemikali hutoka kwenye mkojo na matapishi kwa takriban saa 48, hivyo mgonjwa amwage maji ya kutosha chooni na anawe kwa sabuni, na kwa kufanya hivyo hawadhuru wenzake. Mwenye kikohozi ndiye anayepaswa kukaa mbali na mgonjwa.

Dalili za kuacha kazi mara moja

Mgonjwa wa saratani akipata mojawapo ya dalili hizi, asisubiri zamu iishe. Aende hospitali wakati huohuo, na aseme mapokezi kwamba yuko kwenye tiba ya saratani:

1. Homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, au baridi na kutetemeka. Wakati chembe nyeupe ziko chini, maambukizi yanaweza kuua ndani ya saa chache. Asimeze dawa ya kushusha homa na kuendelea na kazi.
2. Kutokwa damu kusikokoma, au madoadoa ya damu chini ya ngozi.
3. Kupumua kwa shida au maumivu ya kifua.
4. Kutapika au kuharisha kiasi cha kushindwa kunywa.
5. Mguu au mkono mmoja kuvimba ghafla.
6. Maumivu makali ya mgongo yanayoambatana na miguu kukosa nguvu, au kushindwa kudhibiti mkojo au choo.

Kila mgonjwa awe na kipimajoto nyumbani, na namba ya simu ya kliniki awe nayo yeye, mtu mmoja wa kazini na mtu mmoja wa nyumbani.

Wakati wa kuiweka kazi chini

Makala inayotetea kazi inaweza kumfanya mgonjwa aliyechoka ajione ameshindwa. Hilo lisitokee. Wapo ambao ugonjwa wao au tiba yao hairuhusu kazi yoyote, na kupumzika kwao ni sehemu halali ya matibabu. Wapo pia ambao, ugonjwa ulipofikia hatua ya kutopona, walichagua kutumia nguvu zilizobaki kukaa na watoto na wajukuu. Uamuzi huo uheshimiwe na kusaidiwa kwa tiba shufaa. Vilevile yupo anayetaka kwenda dukani kwake hata kwa saa moja, akae tu aone wateja, kwa kuwa pale bado anaitwa kwa jina lake na haitwi mgonjwa. Naye aheshimiwe. Kazi ya mhudumu ni kuuliza mgonjwa anataka nini, kueleza hatari bila kuficha, na kumsaidia kuchagua.

Hitimisho

Uhusiano wa kazi na tiba ya saratani unaweza kupangwa, na mpango mzuri huanza kabla ya dozi ya kwanza. Mgonjwa, mwambie daktari siku yako ilivyo. Mhudumu wa afya, muulize mgonjwa wako anayemshikia kazi, kisha linganisha kalenda ya dawa na kalenda ya maisha yake. Mwajiri na ndugu, kumbukeni kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa alipata tibakemikali siku kumi zilizopita. Anajisikia vizuri na anataka kusafisha banda la kuku. Utamshauri nini, na kwa nini?
2. Fundi cherehani anayetibiwa kwa paklitakseli anasema sindano inamponyoka vidoleni. Ni dhara gani unalolishuku, na kwa nini lisisubiri dozi inayofuata?
3. Mwajiriwa ametumia siku 70 za likizo ya ugonjwa ndani ya mwaka mmoja. Ni siku ngapi kati ya hizo alistahili mshahara kamili, na zimebaki ngapi katika mzunguko wake?

Majibu: (1) Asifanye kazi hiyo, kwa kuwa kati ya siku ya 7 na ya 14 kinga iko chini kabisa hata kama anajisikia mzima. (2) Ganzi inayotokana na kuumia kwa neva. Daktari ajulishwe mapema ili dozi iweze kurekebishwa kabla dhara halijawa la kudumu. (3) Siku 63 kwa mshahara kamili, siku 7 kwa nusu mshahara, na zimebaki siku 56, nazo ni za nusu mshahara.